Bunduki ya Watoto

Verne Kangas alilizunguka duka la Mama Irma mara tatu na lori lake kabla hajapata moyo wa kuegesha. Mara ya kwanza aliona gari la posta mlangoni, akapita. Mara ya pili hakuona gari lolote, akajiambia labda wamefunga, na hali taa zote zilikuwa zinawaka. Mara ya tatu alijiona mjinga: mtu wa miaka hamsini na saba, anayeendesha mtambo wa kuzolea theluji barabara za kaunti nzima, analizunguka duka la misumari kama mwizi wa kuku. Akaegesha nyuma, kwenye mapipa ya taka.

Alikuwa na sababu ya kujificha. Zilibaki wiki tatu kufika tarehe kumi na tano Novemba, siku msimu wa kulungu unapofunguliwa. Siku hiyo, katika rasi yote ya juu ya Michigan, shule hufungwa, harusi haziwekwi, na mgonjwa mahututi huombwa avumilie kidogo. Na kila mtu mjini aliijua bunduki ya Kangas, ile nzito ya risasi kubwa za 300, ya marehemu baba yake, yenye kitako cha mti wa jozi, ambayo kwa miaka arobaini haikujua kurudi mikono mitupu. Mwenye bunduki kama hiyo haendi dukani kuulizia nyingine. Akienda, watu watauliza kulikoni, na hilo ndilo swali Verne alilokuwa analikimbia tangu mwaka jana.

Mwaka jana, siku ya pili ya msimu, alimpiga dume mwenye pembe za matawi manane. Alimpiga vibaya. Alilenga nyuma ya bega, penye moyo na mapafu, risasi ikaenda kutua kwenye nyonga, na mnyama akakimbilia kwenye kinamasi cha mierezi akiburuta mguu. Verne alifuata damu kwa saa mbili. Kisha theluji ikaanza kuanguka, nene, ikafunika damu na nyayo, naye akabaki amesimama katikati ya miti akisikiliza asisikie kitu. Kesho yake alirudi peke yake, akatafuta hadi magoti yakakataa.

Hayo humpata mtu yeyote anayeshika bunduki, na mwenye kubisha anapiga chuku. Kosa kubwa lilitokea kambini. Kambi yao ni kibanda cha magogo kilichojengwa na baba yake Verne na baba wa shemeji yake, Leroy, na kina sheria moja ya zamani: anayefyatua risasi kwa kulungu akarudi bila kulungu, hukatwa kipande cha nyuma cha shati lake mbele ya wenzake, kikaandikwa jina na mwaka, kikapigiliwa ukutani. Ukuta umejaa vipande hivyo, vya mistari na vya miraba, vingine vya watu waliokwisha kuzikwa. Leroy anavyo sita. Verne hakuwa na hata kimoja.

Jioni ile Leroy alimuuliza, "Nilisikia mlio wako, shemeji. Vipi?"

Naye akajibu bila hata kufikiri, "Nilifyatulia koyoti."

Sheria haimhusu koyoti, yule mbweha wa huku anayekula kuku wa watu. Wakacheka, wakala, wakalala.

Lingeishia hapo, lakini Aprili theluji ilipoyeyuka Leroy alimkuta yule dume kinamasini, ngozi na mifupa, nyonga imesagika. Akazichukua pembe, akazipigilia juu ya mlango wa kambi kwa ndani, na chini yake akabandika kadi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: ALIYEMPIGA HAJULIKANI.

"Ni hawa watu wa kutoka kusini mwa jimbo," Leroy alisema siku hiyo, uso umemwiva kwa hasira. "Wanakuja na bunduki za bei mbaya, hawajui kulenga, wanamwacha mnyama afe kwa siku tatu. Nikimjua huyo, namkata shati pamoja na shingo."

Verne aliitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo usingizi wake ukawa wa mang'amung'amu. Angeweza kuishi na kukatwa shati. Kilichomkosesha raha ni kwamba hakujua kwa nini risasi ilikwenda kombo, na mtu asiyejua kwa nini alikosea anaweza kukosea tena vilevile. Akirudi msituni atamtesa mwingine. Asiporudi, itabidi aseme kwa nini. Akajishikiza kwenye wazo moja tu, kwamba bunduki ya baba imezeeka, na kwamba akipata nyingine ya bei nafuu inayopiga inapolengwa, mambo yatakwisha.

"Mtoto wa Kangas," Mama Irma alisema kabla mlango haujajifunga nyuma yake. "Umeegesha kwenye mapipa yangu. Unamkimbia nani?"

"Simkimbii mtu, Mama Irma. Nilikuwa napita tu."

"Mara tatu?"

Mama Irma Saari alikuwa na miaka sabini na miwili, mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya viatu. Aliwauzia bunduki baba zao. Mumewe alipofariki watu walidhani atafunga duka, yeye akabomoa ukuta akapanua sehemu ya chambo cha samaki.

"Nataka bunduki," Verne alisema, akitazama nyundo. "Isiyo ghali. Inayopiga panapolengwa."

"Ile ya baba yako imekufa?"

"Imezeeka. Haishiki shabaha. Nadhani mtutu umelika."

"Mtutu unaopiga risasi sita kwa mwaka umelika." Alivaa miwani ili amtazame vizuri. "Haya. Jumamosi asubuhi, kwenye shimo la changarawe. Njoo nayo."

"Mama, mimi nilitaka kununua tu."

"Na mimi nataka kuuza. Lakini simuuzii mtu dawa kabla sijajua anaumwa nini."

Jumamosi kulikuwa na baridi kavu na hakuna upepo. Shimo la changarawe ndipo watu wote wa mji ule hupima bunduki zao, kwa hiyo Verne alifika mapema kuliko wote, akaomba kimoyomoyo asitokee mwingine. Mama Irma alikuwa ameshapanga meza, mifuko ya mchanga ya kuegemezea mtutu, na chupa ya kahawa. Karatasi ya shabaha ilikuwa yadi mia mbele.

"Leo napakia mimi," alisema. "Wewe kaa, lenga, fyatua. Usiguse kingine."

Verne akakaa nyuma ya 300 ya baba yake. Risasi ya kwanza ilipotoka, kitako kilimpiga teke kwenye bega lile lile ambalo daktari alilipasua miaka miwili iliyopita, maumivu yakashuka hadi kwenye vidole. Tundu lilikuwa chini kushoto, upana wa kiganja. Ya pili ikaenda chini zaidi.

"Unaona?" alisema kwa namna ya ushindi. "Mtutu huo."

Mama Irma alichukua bunduki. Alimpa mgongo, akapakia, akafunga komeo, akamrudishia. Verne akalenga, akavuta.

Hakukuwa na mlio. Kulisikika mgongano mdogo wa chuma tu, na kwa kuwa hakukuwa na kishindo cha kumficha, Verne alijiona mwenyewe: mtutu ulichupa chini kama unachota maji, bega limerudi nyuma, macho yamefumba. Alipoyafumbua, Mama Irma alifungua komeo, likadondoka ganda tupu mezani.

"Nimekuwekea tupu," alisema, wala hakumcheka. "Bunduki ya baba yako nzima. Wewe ndiye unayeiogopa."

"Mimi siogopi bunduki."

"Mwili wako unaogopa, na haukukuomba ruhusa. Nani hajikunyati mbele ya mtu anayempiga kila wakikutana? Bega walikupasua lini?"

"Miaka miwili."

"Na mwaka jana ukafyatulia koyoti." Alimimina kahawa taratibu. "Mficha maradhi," alisema, akaishia hapo.

Verne hakuuliza amejuaje; habari za kambi zote huishia dukani kwake. Masikio yalimwaka moto. Mwaka mzima alikuwa ameilaumu bunduki ya marehemu, na marehemu hawezi kujitetea. Aliona aibu hadi akatamani changarawe immeze, lakini chini ya aibu hiyo kulikuwa na nafuu ya ajabu, maana sasa aliujua ugonjwa.

Mama Irma alitoa bunduki nyingine kwenye mfuko. Ilikuwa nyembamba na nyepesi, kitako cha plastiki nyeusi, komeo lake linakwaruza kidogo likivutwa. Mtutuni iliandikwa 243, ukubwa wa risasi zake.

"Dola mia nne na hamsini, darubini imo. Sura hana, lakini tabia anayo."

"Hii ni bunduki ya watoto," Verne alisema.

"Ya watoto, na ya wanawake, na ya wazee waliopasuliwa bega. Kulungu hasomi namba ya mtutu, mwanangu. Yeye anajua tu risasi imepita wapi."

Alitoa kasha jekundu la risasi, la bei rahisi kuliko yote dukani kwake. Akalitingisha. "Hizi ni za mazoezi tu. Ni nyepesi, za koyoti, zinapasuka zikigusa ngozi. Ukimpiga nazo kulungu utamfanya jeraha kubwa la juu juu, halafu ataondoka nalo."

Ataondoka nalo. Neno hilo lilimkaa Verne tumboni kama ugali mbichi.

Alipiga nyekundu tano kuzoea. Teke lilikuwa kama kusukumwa na mtoto mlangoni. Ya tatu alishtuka kugundua macho yake yalikuwa wazi. Kisha Mama Irma akaleta makasha mawili ya risasi nzito za kulungu, la bluu na la kijani, uzito uleule, bei karibu ileile, viwanda tofauti. Za bluu zilitawanyika kwenye karatasi kama kuku waliomwagiwa mchele. Za kijani, tatu za kwanza, zilikaa pamoja hivi kwamba sarafu ya robo dola ingezifunika zote.

"Kwa nini?" Verne aliuliza.

"Kila bunduki ina chakula chake. Usiulize. Marehemu mume wangu hakula samaki maisha yake yote na aliuza chambo." Alikuwa anazungusha vifundo vya darubini, hadi za kijani zikatua katikati kabisa ya duara. "Sasa sikia. Darubini hii imefungwa kwa hizi za kijani. Ukibadilisha kasha, umebadilisha bunduki. Nyekundu zile zinapiga pembeni vidole vinne. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

"Za kijani tu, Mama."

Verne alilipia bunduki na kasha la pili la kijani. La kwanza walilipiga palepale hadi zikabaki risasi tatu, Verne akazitia mfukoni mwa koti lake la rangi ya chungwa akazisahau. La pili, lililojaa, alikwenda nalo nyumbani pamoja na lile jekundu lililobaki nusu.

Nyumbani alimficha mkewe, Marlys, kwa kuwa Marlys ni dada yake Leroy na habari kati ya ndugu hao wawili haikai hata nusu saa. Akaificha bunduki ndani ya sauna, chumba chao cha kuogea mvuke uani, nyuma ya rundo la kuni, na makasha yake kando. Hesabu mbaya. Jumapili ndiyo siku Marlys huwasha sauna.

"Verne," aliita kutoka uani. "Humu kuna bunduki. Inakuja kuoga?"

Akamwambia ni kwa ajili ya bega. Marlys aliweka mikono kiunoni.

"Tangu mwaka jana unageuka kitandani kama samaki kwenye kikaango. Hilo nalo ni bega?"

"Ni bega."

"Sawa," Marlys alisema, kwa ile sauti ya mwanamke aliyeamua kusubiri.

Mchana wa tarehe kumi na nne Leroy alikuja kumchukua, akapiga honi kabla hata hajasimama. Verne alikimbilia sauna, ambako bunduki ilikuwa bado imefichwa, akapapasa gizani nyuma ya kuni, akashika bunduki, akashika kasha, akatia kwenye begi. Njia nzima, dakika hamsini za msitu na theluji, Leroy aliimba vibaya.

Kambini walimkuta Harlan, dereva wa basi la shule, mtu wa maneno machache, ameshawasha jiko. Zile pembe zilikuwa palepale juu ya mlango. Mahali pa Verne kwenye benchi, pa tangu ujana wake, panaelekeana nazo.

Leroy alipoiona bunduki alishika mbavu. "Shemeji. Umemnyang'anya mtoto wa nani?"

"Bega langu, Leroy."

"Na penseli umekuja nayo? Na sanduku la chakula?" Akamgeukia Harlan. "Mtafutie mwenzako maziwa."

"Kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake," Verne alisema, akijikaza kisabuni, akafungua begi apange vitu vyake. Mkono ukatoka na kasha. Lilikuwa jekundu.

Alilitazama akiomba ligeuke. Akapekua begi lote, soksi, taulo, hadi mfuko wa mswaki. La kijani lilikuwa nyuma ya kuni, nyumbani.

"Nini tena?" Leroy aliuliza.

"Nimekosea risasi."

"Si za 243 hizo?"

"Ndiyo, lakini bunduki imepimwa kwa nyingine."

"Risasi ni risasi, shemeji. Zinaingia, zinatoka. Unazeeka vibaya wewe."

Hivyo ndivyo wanavyosema watu wengi huku, na hivyo ndivyo Verne mwenyewe angesema mwaka juzi. Sasa alikumbuka lile neno la Mama Irma, ataondoka nalo. Nje theluji ilikuwa inazidi, lori lilikuwa la Leroy, na kumwambia mtu akurudishe mjini dakika hamsini kwa ajili ya kasha la kijani ni kumfanya aulize maswali. Akaona heri aseme anaumwa. Akaona heri akae kesho nzima kwenye kibanda chake cha kuvizia, asifyatue, arudi mikono mitupu. Akatia mikono mfukoni mwa koti kwa kukata tamaa, vidole vikagusa chuma.

Zilikuwa risasi tatu, zile za shimoni. Alivaa miwani, akazisogeza dirishani, akasoma maandishi madogo chini ya kila ganda. Alisoma mara nne: kiwanda cha kasha la kijani. Kisha akalifunga kasha jekundu kwa utepe wa gundi, akalisukuma chini kabisa ya kitanda, asije akapapasa tena gizani.

Asubuhi, saa moja unusu, alikuwa ameketi peke yake kwenye kibanda chake cha mbao pembezoni mwa kinamasi, kile kile cha mwaka jana. Mapambazuko yalikuja ya kijivu. Alikuwa anaogopa, na sitasema vinginevyo. Kila tawi lililodondosha theluji lilimrukisha moyo.

Saa mbili na robo akatoka jike, akanusa, akavuka. Nyuma yake, akifuata kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli yake, akatoka dume mwenye matawi sita. Alisimama yadi themanini hivi, ameelekeza kifua kwa Verne.

Verne aliinua 243. Ndani ya darubini msalaba ulichezacheza juu ya manyoya. Alipoanza kuvuta alihisi kope zinashuka zenyewe na bega linajikusanya, kama mwaka jana, kama shimoni. Akatoa kidole.

Akajiambia, hii haipigi teke. Hii ni mtoto anasukuma mlango. Dume akapiga hatua mbili. Angeweza kuondoka wakati huo, na Verne alijikuta karibu anaomba aondoke, maana akiondoka hakuna wa kulaumiwa. Lakini dume aligeuza ubavu wote, akainama kunusa nyayo za jike. Verne akavuta pumzi, akatoa nusu, akavuta triga, macho wazi.

Aliona kila kitu. Aliona mnyama anaruka juu kwa miguu ya nyuma, anakimbia hatua thelathini, kisha anapotea nyuma ya miti, upande ule ule wa kinamasi.

Desturi ni kungoja nusu saa. Mnyama aliyejeruhiwa akiachwa hulala. Akifuatwa mapema huamka akaenda mbali. Verne aliweka saa gotini akaitazama. Sijui kama aliwahi kukaa nusu saa ndefu kama ile, hata siku waliyompasua bega. Dakika ya tano alikuwa na hakika amempiga vizuri. Dakika ya kumi na mbili hakuwa na hakika ya chochote. Theluji nyepesi ikaanza kuanguka. Akawaza kushuka sasa hivi kabla damu haijafunikwa, akakumbuka kwamba mwaka jana alishuka mapema, akashika ubao wa kibanda kwa mikono miwili asije akainuka.

Ilipotimu nusu saa kamili alishuka. Pale mnyama aliposimama hakukuwa na damu. Alipiga magoti, akatazama. Nywele kadhaa. Hatua tano mbele, tone moja. Kisha mengine, mekundu mepesi yenye mapovu, damu ya mapafu, pande zote mbili za njia. Akapita ule mti wa kwanza, na dume alikuwa amelala hapo hapo, hajafika hata kwenye kinamasi. Risasi ilikuwa imepita nyuma ya bega, mahali palepale alipolenga. Alikuwa amekufa kabla Verne hajaanza kutazama saa.

Verne alivua kofia, akaketi kwenye theluji kando ya mnyama, akalia. Alimlilia huyu kidogo, na yule mwingine sana.

Adhuhuri dume alikuwa ananing'inia kwenye nguzo nje ya kambi, na ndani Leroy alikuwa anagawa pasti alizotuma Marlys, ile mikate iliyojazwa nyama na viazi, zimepashwa juu ya jiko. Alimimina kila mtu tone la wiski kwenye kahawa, akasimama.

"Jana nilimcheka shemeji yangu," alisema. "Leo nameza maneno yangu na hii pasti. Risasi moja, Harlan, na bunduki ya watoto. Nainua kikombe kwa mtu pekee ambaye ukuta huu haulijui shati lake. Miaka arobaini, hajamwacha mnyama hata mmoja ateseke." Akaelekeza kikombe juu ya mlango. "Laiti yule mjinga angekuja afundishwe na huyu."

Harlan akanywa. Leroy akanywa. Verne alikipeleka kikombe mdomoni.

Alikiweka chini bila kunywa. Alichukua kalamu inayofungwa kwa uzi kwenye daftari la karata, akaenda mlangoni, akasimama chini ya pembe. Akafuta neno HAJULIKANI kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika jina lake.

"Alikuwa wangu," alisema akiwa amewapa mgongo. "Hakukuwa na koyoti."

Kuni zilipasuka jikoni. Leroy alikuja akaisoma ile kadi, akairudia, kana kwamba imeandikwa kwa lugha ya watu wengine.

"Miezi saba," alisema hatimaye. "Miezi saba nawatukana watu wa kusini."

"Najua."

"Mbele yako."

"Najua, shemeji."

"Na wewe unaitikia kwa kichwa."

Leroy alifungua mlango akatoka bila koti. Kupitia dirishani walimwona amesimama mbele ya yule dume wa leo, anatazama tundu la nyuma ya bega, anagusa kwa kidole. Harlan alitafuna pasti yake kwa uangalifu mkubwa. Verne alikwenda kwenye msumari wenye mkasi, akautoa, akachomoa shati lake kutoka kwenye suruali, akajaribu kujifikia mgongoni.

Mlango ukafunguka. Leroy alikuwa na theluji nyweleni na macho mekundu.

"Weka chini huo mkasi," alisema. "Mtu hajikati mwenyewe. Unaijua sheria."

Verne akampa.

"Geuka."

Akageuka. Alisikia chuma cha baridi kikigusa mgongo, kisha mkasi ukila kitambaa, taratibu, hauishii kiunoni kama kawaida, unapanda hadi katikati ya mabega. Hakuna aliyecheka, jambo ambalo halijawahi kutokea kambini pale. Leroy alikikunjua kile kipande mezani, akaandika jina, akaandika mwaka jana. Kisha akatoa nyundo na misumari kwenye droo, akaviweka vyote mikononi mwa Verne.

"Kupigilia, utapigilia mwenyewe," alisema. "Chini ya zile pembe. Misumari minne."

Verne alisogeza benchi mlangoni, akapanda, mgongo wazi. Bega lilimuuma kila alipoinua mkono, naye akaipiga misumari yote minne.